Sauti ya Kukodi

Wenzake pale dobi walimwita Kasuku, naye aliitika. Wala hakulipata jina hilo kwa kupiga domo, maana kutwa nzima alisimama kwenye mvuke akinyoosha mashuka ya hoteli na ya hospitali, na ukimsikia ametoa neno ujue pasi imemuunguza. Alilipata kwa kazi yake ya pili, ile ya jioni na ya Jumamosi: kuimba nyimbo za watu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka nchi yao ilipeleka wimbo mmoja kwenye shindano kubwa la mataifa, na kila mwaka ilirudi mikono mitupu, lakini hilo halikumpunguzia mtu hamu. Redio ya taifa ndiyo iliyochagua. Watunzi walipeleka nyimbo zao zimekwisha kurekodiwa, bila jina la mtu, nambari tu. Kamati ikajifungia chumbani, ikasikiliza, ikachagua wimbo. Mwimbaji wa kupanda nao jukwaani alitafutwa baadaye, miongoni mwa wale wenye majina makubwa na miwani myeusi.

Sasa, mtunzi angempa staa arekodi, wanakamati wangeijua ile sauti kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha, na haki ingekwenda na maji. Ilitakiwa sauti nzuri ambayo haijulikani. Na sauti ya namna hiyo mjini mle ilikuwa moja. "Mpelekee Kasuku," watunzi waliambizana. Wakampelekea, mwaka baada ya mwaka, kila mmoja akidhani yeye ndiye mjanja peke yake.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba kila wimbo uliowahi kuchaguliwa kwa miaka ile yote ulipitia kwanza kinywani mwa mpiga pasi. Staa akipanda ndege, yeye yuko kwenye mashuka. Wanakamati walijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Funika kombe mwanaharamu apite. Kanuni za shindano hazikuliruhusu jambo lile wala hazikulikataza. Mambo mengi ya ofisini huenda hivyo, kwa macho ya kufumba, na huenda vizuri kabisa mpaka aje mtu asiyejua kufumba.

Yeye mwenyewe hakulalamika. Alikipenda kile chumba cha kurekodia, chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi, na alimpenda fundi mitambo aliyemtania kwamba mapafu yake yamenyooshwa kwa pasi. Walichomlipa kilikuwa cha kujikimu, basi. Ungemuuliza kama hamuonei wivu yule staa, angekuangalia kama umemuuliza kama anaionea wivu ndege yenyewe.

Lakini nje ya dobi alikuwa na jina jingine. Alikuwa Mama Chiriku.

Chiriku alikuwa mwanawe wa pekee, na hilo nalo lilikuwa jina la utani, maana mtoto yule alianza kusema akifungua macho na kunyamaza akiyafumba. Alisema na ukuta, alisema na viatu, alimuuliza mama yake kwa nini pasi ina hasira. Baba yake, mpiga gitaa wa kwenye kumbi za harusi, alikuwa akisema nyumbani mwao redio haihitajiki, wanayo inayokula. Homa ilimwanza kama mafua ya kawaida. Wiki haikuisha, daktari akawaita wazazi pembeni, na mzazi yeyote aliyewahi kuitwa pembeni na daktari sina haja ya kumweleza yaliyofuata.

Siku za mwisho pale wodini mtoto hakuweza kusema. Kilichomvunja mama yake kilikuwa ule ukimya kuliko homa yenyewe. Akawa anaujaza. Aliinama sikioni mwa mtoto akimwimbia kwa sauti ya chini wimbo uliojitunga wenyewe pale pale, beti zikija na kwenda, ila kiitikio hakikubadilika: "Chiriku, lala kidogo, Chiriku, kesho tutaongea." Kesho yenyewe mnaijua.

Baada ya mazishi watu wakawa wema, na wema wao ukamuumiza. Kwa kuogopa kulitonesha donda, waliacha kumwita Mama Chiriku. Hawakupanga, iliwajia tu kila mmoja kwa wakati wake. Jirani akaanza kumwita dada. Muuza duka akamwita mama, hivi hivi, bila kitu mbele. Dobi wakabaki na Kasuku. Hata mumewe, aliyekuwa Baba Chiriku kwa kila mtu, sasa alikuwa Mpiga Gitaa, na nyumbani hakulitaja lile jina kabisa. Ukapita mwaka mzima bila mama yule kulisikia jina la mwanawe kinywani mwa mtu. Siku moja akiwa kazini alishtuka: hivi hili jina lipo bado, au nalo tulilizika?

Hapo ndipo alipoamua kuupeleka ule wimbo kwenye shindano.

"Ataitwa," alimwambia mumewe. "Mara moja tu, mbele ya dunia nzima, watu wasiomjua wamwite kwa jina lake. Basi. Sitaki kikombe wala ndege."

Mumewe aliinamia gitaa akajifanya anakaza nyuzi. "Na nani ataurekodi?"

"Mimi."

"Mke wangu, mwaka huu umeshawaimbia watu wanane. Ukiweka na wako itakuwaje? Mpe yule binti wa kwaya, ana sauti safi."

"Siwezi kulitia jina la mwanangu kinywani mwa mtu wa kukodi."

Alilisema hilo yeye, ambaye miaka yote ile ndiye aliyekuwa mtu wa kukodi. Na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kama mapenzi ya mzazi yanaweza kuitwa kosa. Angempa binti wa kwaya, hadithi hii isingekuwapo.

Wakarekodi, yeye na mumewe na gitaa moja. Siku hiyo fundi mitambo hakutania. Alipomaliza alivua vipokea sauti vya masikioni, akaubandika mkanda nambari kumi na moja, akasema ameingiwa na vumbi jichoni. Chumba kile hakikuwa na vumbi.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule alikuja mgeni, wenyeji wakaugua. Mwenyekiti wa zamani wa kamati alikuwa amestaafu, na wakubwa wakamleta mpya kutoka idara ya vipimo na mizani, mtu aliyetumia ujana wake kuwakamata wauza sukari wanaopunja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya angehongeka. Huyu aliamini kwa moyo safi kwamba kila penye watu wawili mmoja anaibiwa, na yeye ameletwa duniani kumtafuta mwizi.

Kamati ikajifungia na nyimbo kumi na nne. Kufika wimbo wa nne mwenyekiti akainua kichwa. Wa sita akaandika kitu. Wa kumi na moja ulipoanza, akanyoosha mkono mashine ikazimwa, kiitikio kikakatika katikati.

"Huyu mwanamke," akauliza, "ana nyimbo ngapi humu ndani?"

Wanakamati wote wakagundua kwamba viatu vyao vinapendeza kutazamwa. Kuna aliyeweza kumweleza kwa maneno machache, lakini angeeleza vipi bila kukiri kwamba alijua miaka yote? Wakamwachia aamini anachoamini: kwamba kuna mtunzi mmoja mwenye tamaa aliyejipenyeza kwa nambari tisa.

Gari la redio ya taifa likatumwa dobi. Wapiga pasi walipoliona limesimama mlangoni na dereva anamuulizia mwenzao, walidhani safari hii yeye ndiye aliyechaguliwa kupanda jukwaani. "Kasuku umeshinda!" walipiga kelele. Mmoja akamvua aproni, mwingine akamfuta uso kwa kona ya shuka safi la hoteli, wa tatu sikumbuki vizuri lakini nadhani alilia. Naye aliingia garini, na njia nzima alikuwa akijisemea moyoni: ataitwa, mwanangu ataitwa.

Kwenye korido ya redio aliwakuta watunzi wake wote wanane wameketi kwenye benchi, wameinama. Walikuwa wameitwa kila mmoja peke yake wakakutana pale, na ule ujanja wa kila mmoja ukaanikwa hadharani. Mumewe naye alikuwapo, amesimama karibu na mlango na gitaa lake mgongoni, kwa kuwa fundi mitambo alimtaja kama mpigaji wa wimbo wa kumi na moja.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Mzee Kinanda. Ndiye aliyemfundisha kuimba alipokuwa msichana, alimfundisha kupumua kwa tumbo na kutoliogopa jukwaa ambalo hakuwahi kulipanda. Mzee huyo alikuwa amepeleka wimbo kila mwaka tangu shindano lianze, na kila mwaka ulirudishwa. Alimshika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu, wameshatuambia. Mshiriki akisikika kwenye wimbo wa mshiriki mwingine, nyimbo zote alimosikika zinatupwa, na wenyewe wanafungiwa maisha. Zote tisa. Lakini kama wewe ni wa kukodi tu, kama hakuna wimbo hata mmoja ulio wako, basi hakuna kosa. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mwalimu. Lakini upo ulio wangu."

"Najua." Mzee alikuwa na kikohozi, akakingoja kipite. "Ninajua ni upi, na najua ni wa nani. Niliwabebea jeneza lile, sijasahau. Lakini mimi mwakani sipo, mama. Daktari amenipa mwaka, na mwaka wa daktari huwa mfupi. Usituzamishe."

Kati ya wale wengine, mmoja alikuwa mwalimu wa shule ambaye yeye alimwimbia bure wakati mwalimu hana kitu. Mwingine alikuwa kijana ambaye mkewe alijifungua juzi. Walimtazama tu, na kutazamwa na watu wanane unaowajua njaa zao si mchezo.

Ndani, mwenyekiti alimkaribisha kiti kwa adabu zote. Akamwambia asiogope, aseme kweli tu.

"Sauti hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Zote tisa?"

"Zote."

"Wewe ni mtunzi, au ulikodiwa?"

"Nilikodiwa."

"Kati ya nyimbo hizi, je, kuna iliyo yako mwenyewe? Fikiri kabla hujajibu."

Alifikiri. Alimfikiria Mzee Kinanda na kikohozi chake, akamfikiria mtoto mchanga wa yule kijana. Wa kwake hakumfikiria, kwa sababu angemfikiria asingeweza kujibu. Mlango ulikuwa wazi, na benchi zima la korido lilikuwa limeacha kupumua.

"Hakuna," akasema.

Mwenyekiti akashusha pumzi. Alifurahi kweli, mtu wa mizani hupenda pande mbili zikilingana. Akaanza kuwaita wenye nyimbo mmoja mmoja, na kila mmoja akadai wake. Ikafika kumi na moja. Kimya. Akarudia. Katibu akasema wimbo usio na mwenyewe unaondolewa, akanyanyua mkono kuuchukua ule mkanda.

"Ni wangu."

Alikuwa mumewe, amesimama kizingitini. Hakumtazama mkewe. "Mimi ndiye mtunzi. Yeye nilimkodi."

Na yeye angesema nini? Angesema mwongo huyo, zingezama zote tisa, na lile "hakuna" lake lingejulikana kuwa uongo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sina hakika kama siku ile mpiga gitaa alikuwa anakula au anaokoa. Nadhani hata yeye hakujua.

Ule wimbo ukashinda. Haukuwapo hata ubishi. Wanakamati watatu walilia, na mwenyekiti akasema ameusikiliza mara mbili bila kutafuta kosa. Mzee Kinanda alirudishiwa wake kama kawaida.

Jioni mume alirudi nyumbani akamkuta mkewe amekaa jikoni bila kuwasha moto.

"Wangeutupa," akasema. "Ulimwona katibu ameshaushika. Mimi ni baba yake, si mtu baki. Ningeacha utupwe?"

"Sijasema kitu."

"Afadhali ungesema."

"Jina litakuwapo?"

Mume akavua viatu taratibu, kimoja, kisha cha pili, kama mtu anayetafuta kitu humo ndani.

"Baba Chiriku, nimekuuliza."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwita hivyo, na alimwita hivyo akijua anampiga.

"Wanasema mataifa hayamjui Chiriku ni nani," akajibu. "Wanasema wimbo wa kuomboleza haupati kura. Wameongeza ngoma. Pale penye jina wametia 'nchi yangu'. 'Nchi yangu, amka sasa, nchi yangu, kesho ni yetu.' Walinipa niseme ndiyo au wachukue wimbo wa pili."

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo."

Hakumpigia kelele. Ningependa kuwaambia alimrushia sufuria, angalau moyo wangu ungetulia, lakini aliinuka akawasha moto, wakala, wakalala. Kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui. Yeye aliangua, na kifaranga kikachukuliwa mikononi mwake.

Ungedhani yaliishia hapo. Lakini staa aliyechaguliwa, mwanamke waliyemwita Malkia, hakuwa na kawaida ya kujifunza wimbo kwa kusoma. Alijifunza kwa kusikia. Ilitakiwa sauti ya kumwongoza, irekodi wimbo kwa maneno mapya, kisha ikae naye mazoezini mpaka aushike. Redio ya taifa ikamtuma dereva yule yule kwenye mlango ule ule wa dobi.

Angeweza kukataa. Mzee Kinanda alimwambia akatae, na mimi ningemwambia. Alisema akikataa watampa mwingine, na mwingine atauburuta mwanzo wa kiitikio, maana pale pana pumzi ya kuvutwa ambayo haisikiki. Hakutaka wimbo wa mwanawe uburutwe. Basi akaenda.

Fundi mitambo alimwandalia kipaza sauti kwa kimo chake. "Dada, ukitaka tuache, mimi nitawaambia mashine imeharibika," akamnong'oneza. "Mashine zangu huharibika sana."

"Iache iwe nzima," akasema. "Washa."

Akaimba. Pale penye jina akaimba "nchi yangu", mara ya kwanza, bila kukosea, kwa sababu kazi ni kazi. Kisha mazoezi yakaanza. Malkia alikuwa mtu wa watu, mcheshi, aliyeleta vitafunio na kumwita dada yangu, lakini kiitikio kilimpiga chenga. Aliingia mapema pale pa pumzi kila mara. Wakarudia. Asubuhi wakarudia, jioni wakarudia, wiki hizo zote, nchi yangu, nchi yangu, mpaka Malkia akakipata, akamkumbatia, akasema bila yeye angeaibika.

Siku ya shindano alitazama kwa jirani, sebule imejaa hadi dirishani. Mumewe, kama mtunzi, alikuwa huko huko ng'ambo, amevaa suti ya kuazima, na kamera ilimpitia mara moja. Malkia aliimba vizuri sana, pumzi ile hakuikosea. Watu walisimama wakacheza. Kura zilipotangazwa wakaanza kukaa, mmoja mmoja. Nchi ilishika nafasi ya pili kutoka mwisho.

Kesho yake dobi nzima ilikuwa inautukana ule wimbo. "Nchi yangu, nchi yangu, kama mtu anauza dawa ya mende," mmoja akasema, wote wakacheka. Walikuwa hawajui, hakuwahi kuwaambia. Naye akacheka pamoja nao, kidogo, akageuza shuka upande wa pili.

Mumewe aliporudi alikaa kitandani na begi lake miguuni. Alikuwa amekonda. "Sasa hakuna anayeutaka tena," akasema. "Redio hawaupigi. Uchukue, mke wangu. Uimbe unavyotaka."

Jumapili akaenda makaburini, peke yake. Alipiga magoti, akang'oa majani yaliyoota pembeni, akafuta vumbi kwenye jiwe. Kwenye kaburi la pili kulikuwa na mwanamke mmoja asiyemjua, anamwagilia maua. Yeye akainama, karibu kabisa na ardhi, kama alivyokuwa akiinama kule wodini, na kwa sauti ile ile ya chini akaanza wimbo. Beti zilikuja. Akafika kwenye kiitikio, akavuta ile pumzi isiyosikika, na kinywa chake kikasema: nchi yangu.

Akakatisha, akaanza upya, polepole, akijilinda. Kinywa kikafika pale pale, kikasema nchi yangu. Mara ya tatu aliziba mdomo kwa kiganja kabla maneno hayajatoka. Tuni na jina vilikuwa vimeachana, na yeye ndiye aliyeviachanisha, kwa kazi nzuri.

Basi akauacha wimbo. Akainua kichwa akaliita jina lenyewe, bila tuni, kwa sauti kubwa, jinsi mzazi anavyomwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali.

"Chiriku!"

Yule mwanamke wa kaburi la pili akageuka na kopo lake la maji, akatazama huku na huku kati ya makaburi, akimtafuta mtoto anayeitwa.